Je, Mlango Ulio Wazi Huondoa Hatia? Mdukuzi, Mtunzaji Mzembe na Amri ya Saba

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumu katika usharika mmoja wa mjini, kijana mmoja wa kwaya aliingia katika kompyuta ya ofisi ya usharika bila ruhusa. Hakuvunja mlango wala kufuli. Ofisi ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya mazoezi ya jioni, na neno la siri la kompyuta ile lilikuwa jina la usharika likifuatiwa na tarakimu 123. Alikisia mara mbili tu, akafaulu. Humo alisoma muhtasari wa baraza la wazee uliomhusu binti mmoja aliyekuwa chini ya marudi ya kanisa, pamoja na maelezo niliyoyaandika mimi baada ya kuzungumza na binti huyo faraghani. Kabla Jumapili mbili hazijapita, mambo yale yalikuwa yakisemwa sokoni. Binti aliacha kuja ibadani, na baadaye familia yake ikahama usharika.

Nilipomwita kijana yule hakukana. Alisema kwa adabu, lakini bila kuyumba: "Mchungaji, mimi sikuvunja kitu. Mlango ulikuwa wazi." Jibu lile lilinichoma, kwa sababu aliyelichagua neno lile la siri nilikuwa mimi mwenyewe.

Makala hii inakusudia kulichunguza jibu hilo. Je, mtu aingiaye katika kompyuta isiyolindwa vizuri anastahili kuhesabiwa hatia? Au hatia yote ni ya yule aliyeiacha bila ulinzi? Swali hili si la mafundi na mahakimu peke yao. Siku hizi daftari la ubatizo, orodha ya ahadi za washarika, mihtasari ya wazee na hata barua za wanandoa wanaotafuta ushauri huhifadhiwa katika kompyuta na simu za wachungaji. Vijana tunaowafundisha Kipaimara wanafahamu mitambo hiyo kuliko sisi. Hapana budi basi tujue la kuwaambia, na la kujiambia sisi wenyewe.

Kwa neno "mdukuzi" namaanisha hapa mtu aingiaye katika kompyuta ya mwingine, au katika taarifa zilizomo, hali akijua kwamba hakupewa ruhusa. Sizungumzii fundi aliyeajiriwa na mwenye mtambo ili aupime udhaifu wake. Huyo amepewa ruhusa, naye ni mlinzi.

1. Swali hili mbele ya mahakama na mabunge

Wataalamu wa sheria wenyewe hawajapatana kuhusu jambo hili. Mfano ujulikanao sana ni wa Uingereza. Katika miaka ya 1984 na 1985 watu wawili, Robert Schifreen na Stephen Gold, waliingia katika Prestel, huduma ya habari ya shirika la simu la British Telecom, ambayo wateja waliisoma kwa kuunganisha simu na kioo cha televisheni. Namba ya utambulisho iliyowafungulia njia ilikuwa tarakimu 2 iliyorudiwarudiwa, na neno lake la siri lilikuwa 1234. Kutoka hapo walifika hata kwenye sanduku la ujumbe la Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II.

Mwaka 1986 walitiwa hatiani kwa sheria ya kughushi ya mwaka 1981, wakatozwa faini, mmoja pauni 750 na mwenzake pauni 600. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, na Aprili 1988 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati ule, likakubaliana na rufani. Ni muhimu kuelewa sababu yake. Mahakimu hawakusema kwamba mlango ulio wazi humpa mtu haki ya kuingia. Walisema kwamba sheria ya kughushi haikutungwa kwa ajili ya tendo la namna hii, na kwamba kama tendo hilo lapaswa kuwa kosa, ni kazi ya Bunge kulitungia sheria. Bunge lilifanya hivyo mwaka 1990. Tangu hapo, nchini Uingereza, kuingia katika kompyuta hali ukijua huna ruhusa ni kosa, na sheria haiulizi kama ulinzi ulikuwa imara au dhaifu.

Ujerumani ilishika njia nyingine. Kifungu cha 202a cha Sheria ya Adhabu ya nchi hiyo, kilichoingizwa mwaka 1986, hulinda tu taarifa ambazo mwenyewe amezilinda mahususi dhidi ya watu wasioruhusiwa. Wazo lililomo ni kwamba asiyeonyesha kwa tendo lolote kuwa anataka siri yake itunzwe, haiwezi sheria ya jinai kumtunzia. Nao Mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu makosa ya kompyuta, uliotiwa saini Budapest mwaka 2001, unairuhusu kila nchi kuchagua. Nchi ikitaka, yaweza kuweka sharti kwamba kosa halikamiliki mpaka hatua za usalama ziwe zimevunjwa.

Tofauti hiyo ipo hata kati yetu na majirani zetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia kwa makusudi na isivyo halali katika mfumo wa kompyuta, bila kuuliza habari ya kufuli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inataja, katika kosa la kuingia bila ruhusa, kuvunjwa kwa hatua za usalama. Basi kijana mmoja akitenda jambo lilelile Arusha na Nairobi, mawakili wake wanaweza kuwa na hoja mbili tofauti. Ndiyo sababu theolojia haiwezi kungoja mahakama zimalize ubishi. Mahakama huuliza ni tendo gani liadhibiwe. Sisi tunauliza ni tendo gani lina hatia mbele za Mungu na mbele ya jirani.

2. Hoja tatu za kumtetea mdukuzi

Yatupasa kuzisikiliza hoja za upande wa pili kwa haki, maana hazikosi uzito.

Hoja ya kwanza husema: aliyeacha mlango wazi amekubali, au walau amejitakia. Mtu akiweka taarifa za watu elfu nyingi katika seva isiyo na neno la siri, kwa nini tumkasirikie aliyeziona, tusimkasirikie aliyezianika?

Hoja ya pili husema: kutazama si kuiba. Aliyenakili faili hakumwondolea mwenyewe chochote. Ng'ombe akiibwa zizi hubaki tupu, lakini faili ikinakiliwa hubaki mahali pake.

Hoja ya tatu husema: mdukuzi hufanya kazi ya mlinzi. Huonyesha ufa kabla ukuta haujaanguka. Hoja hii ilisikika sana baada ya tarehe 2 Novemba 1988, wakati Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alipoachilia katika intaneti programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ilipita katika kasoro za programu zilizokuwamo na katika maneno ya siri yaliyokisika kwa urahisi. Kompyuta zipatazo 6,000, kwa makadirio ya wakati huo, zililemewa. Wapo waliosema kwamba aliwaamsha watu waliolala, na kwa hakika mwezi uleule kikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha kushughulikia dharura za namna hiyo. Hata hivyo mahakama ilimtia hatiani mwaka 1990, ikampa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kuitumikia jamii, na faini ya dola 10,050.

3. Ushuhuda wa Maandiko

Biblia haitaji kompyuta, lakini inataja nyumba, kuta, amana na siri. Natoa mifano minne.

(a) Ukuta wa udongo. Katika Kutoka 22:2-3 twasoma habari za mwizi anayekutwa akivunja nyumba. Neno la Kiebrania litumikalo hapo, machtereth, lahusu kutoboa, yaani kuchimba tundu katika ukuta. Nyumba nyingi za nyakati zile zilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, na mwenye jembe dogo na usiku mmoja aliweza kupenya. Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba za namna hiyo, nasi twajua jinsi ukuta huo usivyoweza kushindana na mtu aliyekusudia. Angalia kwamba torati haimuulizi mwenye nyumba kwa nini ukuta wake ni wa udongo. Udhaifu wa ukuta haumfanyi mwizi kuwa mgeni. Lakini angalia pia kwamba torati hiyohiyo inaulinda uhai wa mwizi: jua likiisha kumchomozea, damu yake haiwezi kumwagwa bure. Hatia ni hatia, lakini adhabu ina kipimo.

(b) Kusimama nje. Kumbukumbu la Torati 24:10-11 lamhusu mtu aliyemkopesha jirani yake. Anayo haki ya kupewa rehani, lakini hana ruhusa ya kuingia nyumbani kuichukua. Lazima asimame nje mpaka mwenyewe amletee. Hapa hakuna neno lolote kuhusu mlango kufungwa au kufunguliwa. Mpaka wenyewe ni heshima ya yule aliyemo ndani. Waafrika tunalielewa andiko hili bila kufafanuliwa, maana ndiyo maana ya hodi. Katika vijiji vyetu mlango hushinda wazi tangu asubuhi, na kuku huingia na kutoka. Lakini mtu mzima husimama uani akapiga hodi, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka. Anayeingia kimya, akafunua chungu jikoni, hawezi kujitetea kwa kusema mlango ulikuwa wazi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu waliomo waliwaamini majirani zao.

(c) Shimo lisilofunikwa. Pamoja na hayo, Maandiko hayamwachi mtunzaji mzembe aende zake. Kutoka 21:33-34 lasema kwamba afukuaye shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mtu akatumbukia, atalipa. Hakukusudia mnyama afe. Kosa lake ni kutofunika. Vivyo hivyo Kutoka 22:10-12 lahusu mtu aliyekabidhiwa mnyama wa mwenziwe amtunze: akiibwa kwake, atamlipa mwenyewe. Hapa torati inataja watu watatu, wala si wawili: mwenye mali, mtunzaji, na mwizi. Mtunzaji kulipa hakumfanyi mwizi kuwa huru, na mwizi kuwapo hakumfanyi mtunzaji asilipe.

(d) Uchi wa Nuhu. Katika Mwanzo 9:20-23 Nuhu alilewa, akawa uchi hemani mwake. Kosa la kwanza ni lake. Hakuna aliyemvua nguo. Hamu akaona, akaenda kuwaambia nduguze nje. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika bila kumtazama. Simulizi hili limetumiwa vibaya sana katika historia, hata kuwa kisingizio cha kuwatumikisha Waafrika utumwani, ingawa laana inayotajwa ilitamkwa juu ya Kanaani. Tusiliache mikononi mwa waliolipotosha. Linatuonyesha kwamba uzembe wa mmoja humweka mwingine mahali pa kuchagua. Wana wote watatu walipata nafasi ileile. Mmoja aliigeuza kuwa habari ya kusimulia, wawili wakaigeuza kuwa nguo.

4. Luther na Amri ya Saba

Mwanafunzi wa Kipaimara anajua kwamba katika Katekisimo Ndogo Luther haishii kwenye katazo. Akiieleza Amri ya Saba, asema kwamba kumcha Mungu ni kutochukua mali ya jirani, na tena ni kumsaidia jirani aitunze na kuiongeza. Yaani mtu aweza kuivunja amri hii bila kugusa kitu, kwa kuacha tu kulinda.

Katika Katekisimo Kubwa anakwenda mbali zaidi. Wizi kwake si kule kuvunja sanduku tu. Anamtaja mtumishi wa nyumbani ambaye kwa uvivu au kutojali huacha hasara itokee, hali angeweza kuizuia. Huyo naye anamhesabu kuwa mwizi, na tena mwizi asiyeshtakiwa na mtu. Ninaposoma maneno hayo namwona karani aliyebandika neno la siri kwenye kioo cha kompyuta, na mchungaji aliyeandika mambo ya faragha ya binti mahali ambapo hayakupaswa kuandikwa kabisa.

Kwa hiyo mdukuzi na mtunzaji mzembe wanasimama chini ya amri moja. Na kwa kuwa siri ya mtu ikitangazwa hubomoa jina lake, Amri ya Nane nayo inawahusu, kama Luther aifafanuavyo: inatuagiza kumtetea jirani na kulihifadhi jina lake jema. Hapo ndipo hoja ya pili ya mdukuzi inapoanguka. Ni kweli kwamba faili iliyonakiliwa hubaki mahali pake. Lakini kilichoibwa si faili. Ni ile haki ya mtu kuchagua nani ajue aibu yake. Ng'ombe aliyeibwa aweza kulipwa kwa ng'ombe. Siri ikishatoka hairudi.

5. Hatia mbili zisizopunguzana

Nimefika kwenye kiini cha makala hii. Kosa la hoja ya kwanza ni kudhani kwamba hatia ni kama gunia moja la mahindi linalogawanywa kwa watu wawili, hata fungu la mmoja likizidi, la mwenzake lazima lipungue. Ndipo watu hubishana: asilimia ngapi ni ya mdukuzi, asilimia ngapi ni ya mwenye kompyuta? Maandiko tuliyoyasoma hayahesabu hivyo. Kila mmoja amemkosea mtu fulani, kwa tendo lake mwenyewe, na atalijibu lake mwenyewe. Mtunzaji amevunja uaminifu aliowekewa. Mdukuzi amepita mpaka ambao hakuruhusiwa kuupita. Hatia zote mbili ni kamili.

Tena ule utetezi wa mlango ulio wazi unamsahau yule mtu wa tatu. Mdukuzi akimwambia mtunzaji, "Uliacha wazi," huenda akamnyamazisha. Lakini amwambie nini mwenye siri? Yeye hakuacha mlango wowote wazi. Yeye aliamini tu.

Mfano wa Finland unalionyesha jambo hili kwa uchungu. Katika nchi hiyo, ambayo wamisionari wake wa Kilutheri wamefanya kazi miongoni mwetu kwa miaka mingi, palikuwa na kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo. Wagonjwa walieleza humo habari za ndoa zao, hofu zao na mawazo ya kujiua, na wataalamu waliandika kumbukumbu. Kompyuta iliyohifadhi kumbukumbu hizo haikulindwa ipasavyo, na taarifa za makumi ya maelfu ya wagonjwa zilichukuliwa. Oktoba 2020 kampuni ilidaiwa fedha hadharani. Kisha wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, wakapokea ujumbe wa kuwataka walipe, ama sivyo siri zao zitangazwe. Baadhi ya kumbukumbu zilitangazwa kweli.

Je, nchi ile ilichagua upande mmoja? La. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni faini ya euro 608,000 mwaka 2021, nayo ilikuwa imekwisha kufilisika mwaka huohuo. Aliyekuwa mkurugenzi wake mkuu alipandishwa kizimbani kwa habari ya ulinzi huo mbovu. Na aliyeshtakiwa kwa udukuzi alihukumiwa na mahakama ya ngazi ya kwanza, Aprili 2024, kifungo cha miaka 6 na miezi 3. Alikana mashtaka na akakata rufaa. Maamuzi ya rufaa juu ya watu hao ni kazi ya mahakama. Somo kwetu ni kwamba taifa lile lilijua kuuliza maswali mawili badala ya moja.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba matendo yote ya udukuzi ni sawa. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 12:47-48, amtofautisha mtumwa aliyejua na yule asiyejua, mapigo mengi na mapigo machache. Kijana wa miaka 16 aliyekisia neno la siri kwa udadisi akatoka bila kunena, si sawa na mtu anayemdai mgonjwa fedha kwa kumtishia kufichua machozi yake. Wepesi wa kuingia waweza kuwa sababu ya kupunguza adhabu, kwa kuwa jaribu liliwekwa karibu mno. Na hapo mtunzaji aliyeliweka jaribu hilo asome Mathayo 18:7 kwa hofu. Lakini wepesi wa kuingia hauondoi hatia yenyewe.

6. Vipi kuhusu anayefichua udhaifu?

Ile hoja ya tatu inahitaji jibu la pekee, kwa sababu mara nyingine ina ukweli. Nchini Ujerumani fundi mmoja wa kujitegemea aligundua kwamba programu ya kampuni fulani ilibeba neno la siri lisilofichwa, lililomfungulia mtu yeyote taarifa za wateja wengi mno. Alilifichua jambo hilo. Januari 2024 mahakama ya mji wa Jülich ilimtoza faini ya euro 3,000. Wengi walisikitika, wakisema kwamba watu wema sasa watanyamaza na waovu wataendelea.

Kumbukumbu la Torati 22:1-4 latupa kipimo. Uonaye ng'ombe wa ndugu yako akipotea, usijifiche kana kwamba hukumwona; umrudishie. Kunyamaza ni dhambi. Lakini anayemrudisha ng'ombe hamkamui kwanza, wala hampeleki mnadani ili watu wote wajue jinsi ndugu yake alivyo mzembe. Kwa hiyo tuwafundishe vijana wetu wenye vipawa hivi mambo matatu: ukiona ufa bila kuutafuta, usiingie ndani zaidi ya pale ulipouona, mwambie mwenyewe faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyotuagiza, na usichukue wala kutunza chochote. Aliyefanya hivyo amevaa nguo ya Shemu na Yafethi. Nao watunga sheria wangefanya vyema kumpa mtu wa namna hiyo njia ya kusema bila kuogopa kifungo.

7. Yatupasayo katika sharika zetu

Kwanza, tuanze na nyumba yetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamtaka kila akusanyaye taarifa za watu azilinde. Haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Kila mwenye kazi ofisini awe na neno lake la siri, refu na lisilokisika; karani wa fedha asione yasiyo ya fedha; na simu ya mchungaji isiwe mchezo wa watoto nyumbani.

Pili, tupunguze tunachokiandika. Ulinzi ulio bora kuliko wote ni kutokuwa na kitu cha kuibwa. Muhtasari wa wazee uandike uamuzi, usiandike kisa chote. Na yale ambayo mtu ameyasema katika toba yasiandikwe popote. Tuliapa kuyatunza siku ya kubarikiwa kwetu, na kiapo hicho hakina kifungu cha kompyuta.

Tatu, mdukuzi akija kwetu, tumpe Sheria na Injili, kila moja mahali pake. Tusimpe Injili kabla hajaliita tendo lake kwa jina lake. Zakayo hakusema kwamba mfumo wa ushuru ulikuwa mbovu, ingawa ulikuwa mbovu. Alisema nani alipwe na kiasi gani (Luka 19:8). Lakini akitubu, tusimwandikie hatia ya milele. Yule Morris aliyehukumiwa mwaka 1990 alikuja kuwa profesa katika taasisi ya MIT, akifundisha sayansi ileile aliyoikosea. Kipawa kilichopotoka chaweza kunyoshwa.

Hitimisho

Jibu la swali letu basi ni hili: ndiyo, mdukuzi anastahili kuhesabiwa hatia, hata kama kompyuta haikulindwa, na mtunzaji hawezi kujificha nyuma ya hatia hiyo.

Nilimwambia kijana yule wa kwaya kwamba mlango ulikuwa wazi kweli, na kwamba nitalijibu hilo mimi, wala si yeye. Kisha nikamuuliza ni nani aliyemwita ndani. Alinyamaza kwa muda mrefu. Baadaye tulikwenda pamoja, yeye na mimi, nyumbani kwa binti. Kijana alikiri lake, nami nikakiri langu. Binti hakutoka chumbani. Mama yake alitukaribisha viti, akatusikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniambia: "Mchungaji, mwanangu alikuambia wewe. Hakuiambia mashine."

Sikuwa na jibu, wala sijalipata hadi leo. Ninachojua ni kwamba neno lile lingetoka kinywani mwake hata kama kijana yule asingalizaliwa, maana aliyekabidhiwa siri nilikuwa mimi. Na ninajua pia kwamba kukiri kwangu siku ile hakukumpunguzia kijana hata chembe ya machozi aliyoyamwaga njiani tulipokuwa tukirudi.